Nani Alipaswa Kuiona Kabla ya Mtoto? Jibu kwa Mama wa Kayole

Mama mmoja anayeishi Kayole, hapa Nairobi, ameniandikia kwamba mwanawe wa miaka sita alipewa simu jioni ili atulie wakati chakula kikiwa jikoni. Mtoto alianza na katuni ya wanyama wanaoimba herufi, na kabla ya nusu saa kwisha dada yake wa miaka kumi alimkuta amejikunyata pembeni mwa kochi, macho kayakodolea simu, akitazama wahusika anaowajua na kuwapenda wakikatwa viungo huku damu ikitapakaa. Tangu siku hiyo mvulana haendi chooni peke yake, na usiku huamka akilia. Mama anakiri kwamba alimpokonya simu akamchapa, na kwamba hilo linamuuma hadi leo. Kaka yake anasema Serikali imelala na kwamba katuni za aina hiyo zipigwe marufuku zote. Mumewe anasema kosa ni la mama kwa kuwa ndiye aliyempa mtoto simu, na kulea ni kazi ya mama. Anauliza ni yupi kati yao mwenye haki, na amfanyie nini mtoto.

Dada yangu, nitaanza na mtoto, kwa sababu mabishano ya mjomba na baba yanaweza kungoja lakini usiku wa leo haungoji. Mtoto wa umri huo huogopa kwa macho. Watafiti waliochunguza hofu za watoto mbele ya runinga walibaini kwamba walio chini ya miaka saba au minane hutishwa zaidi na sura ya kitu, yaani meno, damu na macho yaliyotoka nje, hata kama kitu chenyewe hakiwezi kuwapo duniani. Wakishapita umri huo ndipo huanza kutishwa na mambo yanayoweza kutokea kweli, kama vile wizi, moto au kifo cha mzazi. Ndiyo maana yale maneno tunayoyakimbilia sote, kwamba hiyo si kweli ni katuni tu, yanaweza kumtuliza dada mtu lakini hayamfikii mdogo wake. Kwake yeye faraja huanzia mwilini. Mpakate, mpe maji, mwashie taa ya ukumbini, msindikize chooni bila kumcheka wala kumwambia kwamba mwanamume haogopi, na ukae naye kitandani mpaka pumzi zake zitulie. Ufanye hivyo kwa majuma kadhaa bila kuhesabu siku.

Baada ya hapo, mchana mkiwa hamna haraka, chukueni karatasi na penseli mumchore yule mhusika aliyemtisha, ili aone kwa macho yake kwamba mdomo wenye damu ni mistari iliyochorwa na mkono wa mtu, kisha umpe kifutio. Njia hii nimeitumia mara nyingi. Mvulana mmoja wa Umoja niliyeketi naye mezani alifuta meno ya dubwana lake moja baada ya jingine, akipuliza vumbi la kifutio kila mara, hadi likabaki jino moja. Nilipomuuliza mbona ameliacha, alinijibu kwamba hilo ni la kulia ugali. Juma lililofuata mama yake aliniarifu kwamba analala taa ikiwa imezimwa. Kilichomsaidia, kwa maoni yangu, ni kwamba kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa ameshika penseli.

Kuhusu kuchapa, naomba umwendee mtoto umwambie wazi kwamba hakukosea, kwamba wewe ulishtuka ukafanya jambo ambalo hukupaswa kulifanya. Usilione hili kuwa ni kujishusha mbele ya mwanao. Mtoto aliyekutwa akitazama kitu kibaya akachapwa hujifunza somo moja, kwamba jambo la kutisha likitokea kwenye simu mama asijue. Leo ni katuni. Akifika miaka kumi na mbili huenda ikawa ni mtu mzima asiyemfahamu anayemwomba picha zake, na siku hiyo utataka awe mwana anayekukimbilia.

Sasa nije kwa kaka yako na mumeo. Katika kazi hii ya kuwashauri wazazi nimezoea kujiuliza swali moja kabla ya kumlaumu yeyote: ni nani aliyekuwa na nafasi ya kukiona kitu hicho kabla ya mtoto? Wajibu humwangukia yeye kwanza, awe mzazi, dereva, kituo cha runinga au kampuni iliyo ng'ambo ya bahari. Nikilitumia swali hilo, naona kwamba ndugu zako wote wawili wanamtafuta mkosaji mahali ambapo hakuwapo.

Tazama runinga. Kipindi hufika kituoni kabla hakijafika sebuleni kwako, kuna mhariri aliyekitazama au aliyepaswa kukitazama, na kwa hiyo ni haki kabisa kwamba kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinavizuia vituo kurusha vipindi vya watu wazima kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Mzazi anayefanya kazi Industrial Area na kufika nyumbani saa 2 usiku hawezi kuwa mhariri wa kituo. Tazama pia matatu. Watoto wengi wa jiji hili hurudi kutoka shuleni wakiwa wamekazia macho skrini iliyo juu ya kichwa cha dereva, inayoonyesha video za muziki ambazo hakuna mzazi angeziweka nyumbani kwake. Humo ndani mzazi hayupo, na aliyechagua video ni dereva au makanga. Bodi ya Uainishaji wa Filamu imewahi kufanya misako ya matatu za namna hiyo, na mimi naiunga mkono bila kusita, kwa sababu abiria aliyelipa nauli hana rimoti, na mtoto aliyebanwa kwenye kiti cha katikati hana hata pa kugeuzia uso.

Bodi hiyo inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati filamu ilikuwa mikebe ya mikanda inayobebwa kwa mkono hadi kwenye jumba la sinema. Kazi yake iliyo bora zaidi, na ambayo wazazi wengi hawaijui, ni kuweka alama za umri: GE kwa watazamaji wote, PG kwa filamu ambayo mtoto aitazame akiwa na mwongozo wa mzazi, 16, na 18. Alama ni taarifa. Inamwambia mzazi kilichomo, kisha inamwachia uamuzi, na mzazi wa Kayole na mzazi wa Karen, mtaa wa wenye nacho, wanaweza kuamua tofauti kulingana na mtoto walio naye. Marufuku ni jambo tofauti kabisa, kwa kuwa humwondolea mzazi uamuzi huo na kumpa mtu asiyemjua mtoto wake.

Kaka yako anataka marufuku. Namwelewa, maana amemwona mpwa wake akilia usiku. Namwomba tu akumbuke marufuku zetu zimeangukia wapi. Mwaka 2017 bodi iliagiza katuni kadhaa zilizokuwa zikionyeshwa kwenye vituo vya kulipia ziondolewe, kwa hoja kwamba zilikuwa zikikuza mapenzi ya jinsia moja. Mwaka uliofuata iliipiga marufuku filamu ya mwongozaji Wanuri Kahiu, Rafiki, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili, ambayo haikutengenezewa watoto hata kidogo. Mnamo Septemba 2018 Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba ili watu wazima waliotaka waitazame, na watu wakafurika kwenye majumba ya sinema hapa jijini. Watu wanatofautiana kuhusu kazi hizo, nami sitaki kuingia katika tofauti hizo leo. Ninachokiona mimi ni kwamba zote zilikuwa na jina, mtengenezaji na mahali pa kuandikiwa barua, na mambo ya namna hiyo ndiyo yanayokamatika kwa marufuku. Video iliyomtisha mwanao haikuwa na lolote kati ya hayo. Haikuombewa leseni wala haikupita mezani kwa mkaguzi, na kama ingefutwa asubuhi, nyingine kumi za aina yake zingekuwa zimepakiwa kufikia jioni. Mwaka huohuo wa 2017, wakati sisi tukizozana kuhusu katuni za runinga, dunia iligutuka kugundua kwamba YouTube ilikuwa imejaa maelfu ya video zilizowavaa wahusika wa watoto kama ngozi ya kondoo na kuwafanyia ukatili, na baadhi zilikuwa zimepenya hadi kwenye programu ya watoto ambayo kampuni hiyo iliizindua mwaka 2015.

Kuna aina moja ya maudhui ambayo katika hiyo sitaki kusikia habari za uhuru wa msanii wala hiari ya mzazi, nayo ni picha na video za kuwadhalilisha watoto kingono. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mitandao inazifanya kuwa jinai, na hapo nataka nguvu zote za dola. Kwa mengine, Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza na ubunifu wa kisanii, na kifungu cha 53 kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Wanasheria wengi husoma vifungu hivyo kana kwamba vinavutana. Mimi naona vinakaa nyumba moja vizuri, mradi tunapowalinda watoto tuweke mlango mahali pa mlango na tusijenge ukuta barabarani.

Kifungu hicho cha 53 ningependa mumeo akisome pia, hasa pale panaposema kwamba mtoto ana haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, na kwamba wajibu huo ni sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. Wajibu sawa. Hivyo anaposema kulea ni kazi ya mama, anapingana na sheria kuu ya nchi yake, na namwambia hivi kwa heshima, maana najua akina baba wengi wa mitaa yetu hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kudhani mshahara umemaliza zamu yao. Jioni ile wewe ulikuwa jikoni. Swali la haki kwake ni hili: yeye alikuwa wapi, na kama alikuwa kazini, ni lini mara ya mwisho alipoketi na watoto akatazama wanachotazama tangu mwanzo hadi mwisho?

Hata hivyo, wewe pia hukuwa na nafasi ya kuiona video ile kabla ya mtoto. Ulichagua ya kwanza, ukaridhika nayo, na ulikuwa na haki ya kuridhika. Ya pili ilijifungua yenyewe, kisha ya tatu, na pengine iliyomtisha ilikuwa ya tisa. Mitambo inayopanga video zinazofuata huangalia mambo kama muda ambao mtazamaji amebaki akitazama. Haioni uso. Mtoto anayecheka hubaki akitazama, na mtoto aliyeganda kwa hofu naye hubaki akitazama, kwa hiyo mtambo hauwezi kuwatofautisha, na yule aliyeganda anaweza kuletewa zaidi ya kile kilichomgandisha. Hapa ndipo hasira ya kaka yako inapaswa kuelekezwa. Aliyekuwa na nafasi ya kwanza kuitazama video ile ni kampuni iliyoipokea, ikaipa nafasi karibu na nyimbo za herufi na kuuza matangazo pembeni yake.

Kampuni hizi husikia zinapolazimishwa. Mnamo Septemba 2019 YouTube na mmiliki wake, Google, walikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na kuanzia Januari 2020 matangazo yanayomfuata mtazamaji binafsi yakaondolewa kwenye video zilizotengenezewa watoto. Angalia kwamba faini hiyo haikufuta katuni hata moja. Iligusa mfuko na namna ya kufanya biashara, na mambo yakabadilika dunia nzima. Hapa kwetu Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwaka 2025 mwongozo kwa kampuni za sekta hiyo kuhusu ulinzi wa watoto mtandaoni. Mbunge akija Kayole kuomba kura, ningependa aulizwe kuhusu utekelezaji wa mwongozo huo, na kama yuko tayari kudai kwamba video zisijifungulie zenyewe kwenye akaunti ya mtoto, na kwamba hakuna kitu kitakachoingia kwenye sehemu ya watoto kabla ya kutazamwa na binadamu.

Ninaposema binadamu, wakazi wa Nairobi tunajua uzito wa neno hilo kuliko wengi. Hapa jijini kuna vijana walioajiriwa kutazama na kuondoa video za kutisha zilizopakiwa kwenye mitandao mikubwa, saa baada ya saa, na wengi wao wameeleza hadharani na mahakamani jinsi kazi hiyo ilivyowavuruga akili na kuwanyima usingizi. Mnamo Mei 2023 zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao cha wafanyakazi. Nawataja kwa sababu tunapodai maudhui yachujwe, kuna macho ya mtu yanayofanya hiyo kazi, mara nyingi ni macho ya mtoto wa jirani yetu, na hata yeye hukiona kitu baada ya kuwa kimeshapakiwa. Uchujaji unaostahili kuitwa kinga ungefanyika mlangoni, kwa watu wanaolipwa vizuri na kupewa ushauri nasaha, na ungegharimu fedha ambazo kampuni hizo wanazo.

Nisieleweke kwamba namtafutia mtoto utoto usio na hofu. Bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi wanaomeza vijiji vizima, na fisi wanaojifanya wachumba, na zilikuwa hadithi za kutisha hasa. Tofauti ilikuwa kwamba msimulizi alikuwa akituona. Alipoona mmoja ameanza kujificha kwenye kanga ya mamaye, zimwi lilipunguza mwendo au likapasuliwa kidole na kuwatoa watu wote wakiwa hai, na wimbo ukaimbwa ili tuitikie sote. Uchunguzi maarufu wa mwanasaikolojia Albert Bandura wa mwaka 1961 ulionyesha jinsi watoto wa shule ya chekechea walivyoiga mapigo waliyomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere, hivyo sisemi kwamba wanachokiona hakiwafundishi. Nasema kwamba mtu mzima aliye kando ya mtoto, anayesema kwa sauti kwamba yule hakufanya vizuri, hubadilisha kile ambacho mtoto anaondoka nacho.

Kwa vile huwezi kuwa kando yake kila jioni, fanya hivi. Simu anayopewa isiwe na intaneti wakati huo. Jumamosi, mkiwa na bando, pakueni pamoja katuni kumi mlizozitazama mpaka mwisho, mziweke kwenye memori kadi, na jioni umpe simu ikiwa imezimwa data, ili zinapokwisha zirudie zilezile. Watoto wa miaka sita hupenda marudio, hatachoka upesi kama unavyodhani. Ikiwa lazima atumie mtandao, tumia programu ya YouTube ya watoto, uingie kwenye mipangilio uchague aruhusiwe video ulizoziidhinisha wewe peke yake, na uzime ile ya kujifungulia video inayofuata. Dada mtu mweleze pia, maana ndiye aliyeona kwanza, lakini usimfanye kuwa mlezi. Mtoto wa miaka kumi asibebeshwe zamu ya mzazi. Na kwa kuwa katika ploti watoto huingia nyumba hii na kutoka ile, zungumza na mama wa mlango wa pili bila kumlaumu, umwombe muafikiane ni vituo gani viwekwe watoto wote wakiwa kwake. Kama mwezi utapita na mtoto bado haendi chooni peke yake au ameanza kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha, mpeleke kwa mshauri wa watoto hospitalini. Na kama utagundua kwamba kuna mtu yeyote aliyemwandikia au kumwomba jambo kupitia simu hiyo, piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto.

Mumeo naye ana sehemu yake, na ningependa aianze Jumapili hii. Aketi na mvulana kwenye kochi lilelile alilojikunyatia, watazame pamoja katuni moja aliyoichagua mtoto, simu ikiwa mkononi mwa mtoto na baba akiwa anaweza kuona uso wake. Asimhubirie. Amuulize tu, ikiisha, ni nani aliyempenda humo ndani na ni nani aliyemwogopa, kisha asikilize jibu lote.